AJALI INA KINGA: NJIA YA MBIO ZA MAGARI YA LE MANS NA MIAKA MIA MOJA YA KUREKEBISHA BARABARA

Msemo "ajali haina kinga" husikika mara kwa mara katika vijiwe, misibani na hata katika vikao vya kijiji. Pikipiki inapomgonga mtoto karibu na shule, au lori linapopinduka katika mteremko uleule lilikopinduka jingine mwaka uliotangulia, msemo huo hutamkwa, pole hutolewa, na barabara hubaki kama ilivyokuwa. Makala haya yanaeleza historia ya barabara moja ambayo watu wake waliukataa msemo huo, ingawa waliukataa baada ya kulipa gharama kubwa ya maisha. Barabara hiyo ipo Ufaransa, katika mji wa Le Mans, nayo ni miongoni mwa njia za mbio za magari zinazojulikana zaidi duniani.

Jambo la kwanza ambalo mkazi anapaswa kulifahamu ni kwamba njia hiyo si uwanja uliozungushiwa ukuta. Sehemu yake kubwa ni barabara ya umma. Kwa karibu mwaka mzima hupitisha malori ya mizigo, magari ya wakulima na wafanyakazi waendao kazini, wote wakitii alama za barabarani na kikomo cha mwendo. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi Juni, barabara hiyo hufungwa kwa amri ya mamlaka husika, na magari ya mashindano hukimbia humo usiku na mchana kwa saa 24 mfululizo. Mashindano yakiisha, vizuizi huondolewa na barabara hurudishwa kwa wenyewe.

Mwanzo wa mashindano

Le Mans ni makao makuu ya mkoa wa Sarthe, takriban kilomita 200 kusini-magharibi mwa Paris. Mwezi Juni mwaka 1906 yalifanyika huko mashindano makubwa ya magari kwa siku mbili, katika barabara za mashambani zilizounda pembetatu yenye urefu wa kilomita 103 hivi. Mshindi alikuwa Ferenc Szisz, aliyeendesha gari la Renault. Waandaaji walikuwa wamemwaga lami juu ya barabara ili kuzuia vumbi. Jua lilipokuwa kali, lami hiyo iliyeyuka, ikarushwa na magurudumu na kuwaunguza madereva macho. Ili magari yasipite katikati ya miji midogo yenye watu wengi, zilijengwa njia za mbao za kuizunguka. Tangu siku hizo za awali, basi, waandaaji walilazimika kushughulikia mambo mawili kwa pamoja: hali ya barabara na usalama wa watu waishio kando yake.

Mwaka 1921 mashindano ya Grand Prix ya Ufaransa yalifanyika tena Le Mans, safari hii katika njia fupi ya kilomita 17.262. Uso wa barabara ulivunjikavunjika, na mawe yakawa yanarushwa kama risasi. Mmarekani Jimmy Murphy alishinda akiwa na gari la Duesenberg ambalo rejeta yake ilitobolewa kwa jiwe kabla ya kufika mwisho.

Miaka miwili baadaye, tarehe 26 na 27 Mei 1923, klabu ya magari ya eneo hilo, iitwayo Automobile Club de l'Ouest, iliendesha kwa mara ya kwanza mashindano ya saa 24. Wazo lilitoka kwa Georges Durand, katibu wa klabu, Charles Faroux, mwandishi wa habari, na Émile Coquille, mfanyabiashara wa vipuri vya magurudumu. Lengo lao halikuwa kumpata dereva mwenye mbio kuliko wengine. Walitaka kupima magari ya kawaida, yale yaliyouzwa kwa wananchi, na hasa taa zake, ambazo zama hizo zilikuwa dhaifu. Gari ambalo lingeweza kukimbia usiku kucha bila kuzimika taa wala kuharibika lingestahili kuaminiwa na mnunuzi. Magari 33 yalianza, na 30 yakamaliza. André Lagache na René Léonard waliongoza kwa gari la Chenard et Walcker, wakasafiri zaidi ya kilomita 2,209. Wastani wao ulikuwa kilomita 92 kwa saa, mwendo ambao leo basi la abiria linaweza kuufikia.

Umbo la njia

Njia ya sasa ina urefu wa kilomita 13.626, na magari huizunguka kwa kufuata mwelekeo wa mishale ya saa. Mahali pa kuanzia ni mbele ya majukwaa makuu, ambapo upande wa kulia yapo maeneo ya huduma. Huko magari hujaza mafuta, hubadilisha matairi na kupokezana madereva. Kutoka hapo njia hupanda kuelekea kona ya Dunlop, hupita chini ya daraja lenye jina hilo, kisha hushuka kwa kona za kupindapinda hadi kona ya Tertre Rouge.

Katika kona hiyo ya Tertre Rouge magari huingia katika barabara ya umma, D338, iendayo kusini kuelekea mji wa Tours. Hapo ndipo ilipo sehemu mashuhuri kuliko zote, iitwayo Hunaudières: barabara iliyonyooka kwa karibu kilomita sita kupita kandokando ya miti, nyumba na biashara. Mwisho wake ni kijiji cha Mulsanne, ambapo dereva hulazimika kupunguza mwendo kwa ghafla na kukata kulia. Kutoka Mulsanne njia hupita msituni hadi kona ya Indianapolis, na muda mfupi baadaye kona ya Arnage, ambayo ni ya polepole kuliko zote. Baada ya Arnage magari huiacha barabara ya umma na kuingia katika mfululizo wa kona za kasi zinazoitwa kona za Porsche, kisha kona za Ford, na hatimaye hurudi mbele ya majukwaa.

Usiku sehemu kubwa ya barabara ya umma huwa haina taa za barabarani. Dereva hutegemea taa za gari lake, kama ilivyokuwa mwaka 1923, na hukutana na magari ya madaraja tofauti, mengine yakiwa na kasi ndogo sana kuliko lake. Mwendesha bodaboda anayerudi nyumbani usiku katika barabara yenye mikokoteni na baiskeli zisizo na taa anaifahamu hatari ya namna hiyo, ingawa kwa mwendo mdogo zaidi.

Mji ulipokua, njia ilisogezwa

Katika miaka ya 1920 njia ya mbio iliingia hadi kitongoji cha Pontlieue, pembezoni mwa mji wa Le Mans. Kadiri nyumba zilivyoongezeka, ndivyo ilivyokuwa vigumu kukubali magari ya mashindano yapite kati ya makazi. Mwaka 1929 ilijengwa barabara fupi ya kukwepa kona ya Pontlieue, na urefu wa njia ukapungua hadi kilomita 16.340. Mwaka 1932 klabu ilijenga kipande kipya kabisa, kutoka maeneo ya huduma hadi Tertre Rouge, ili magari yasiingie tena kitongojini. Njia ikawa na kilomita 13.492, na umbo lililopatikana wakati huo ndilo msingi wa umbo la leo.

Uamuzi huo una maana kwa kila mamlaka inayopanga mji. Makazi yalipopanuka, hakuna aliyeambiwa kwamba mashindano yalitangulia na kwamba wenye nyumba wavumilie. Kilichohamishwa ni shughuli yenye hatari, nayo ilihamishwa kabla ya maafa makubwa kutokea mahali hapo.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilisimamisha mashindano, na majengo ya eneo hilo yaliharibiwa. Yalipoanza tena mwaka 1949, magari yalikuwa yamebadilika. Injini zilikuwa na nguvu zaidi, maumbo ya magari yalipasua upepo vizuri zaidi, na mwaka 1953 Jaguar ilishinda kwa gari lenye breki za diski, ambazo sasa zimo katika magari mengi ya kawaida. Barabara yenyewe, hasa mbele ya majukwaa, haikubadilika kwa kasi hiyohiyo.

Jioni ya tarehe 11 Juni 1955

Siku hiyo magari 60 hivi yalianza mbio saa 10 jioni, mbele ya umati unaokadiriwa kufikia watu 250,000. Mahali pa kuanzia palikuwa na kasoro ambazo kila mtu aliziona na hakuna aliyezihesabu kuwa kasoro. Maeneo ya huduma yalikuwa pembeni kabisa mwa njia, bila ukuta wala nafasi ya kuyatenga na magari yaliyokuwa yakipita kwa kasi. Gari lililotaka kusimama lilipunguza mwendo katika njia ileile ambayo wengine waliitumia kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Barabara ilikuwa nyembamba na yenye mpindo mdogo. Upande wa pili walisimama watazamaji, nao walikingwa na tuta la udongo lisilozidi sana kimo cha kifua cha mtu mzima.

Saa mbili na nusu hivi baada ya mbio kuanza, Mwingereza Mike Hawthorn, aliyekuwa na Jaguar, alipunguza mwendo ili aingie katika eneo la huduma. Nyuma yake Lance Macklin, katika Austin-Healey, alikanyaga breki na kukwepa kuelekea kushoto. Kwa kufanya hivyo aliingia mbele ya Mercedes-Benz ya Mfaransa Pierre Levegh, iliyokuwa ikija kwa kasi kubwa zaidi. Gari la Levegh liliparamia sehemu ya nyuma ya Austin-Healey, likaruka, likagonga tuta na kuvunjika. Injini na vipande vingine vizito viliingia katika umati. Mwili wa gari, uliotengenezwa kwa madini ya magnesi, ulishika moto ambao haukuzimika kwa urahisi. Levegh alifariki dunia pamoja na watazamaji zaidi ya 80, na wengine zaidi ya 100 walijeruhiwa.

Mbio hazikusimamishwa. Waandaaji walieleza kwamba watu wote wakiondoka kwa wakati mmoja, barabara zingejaa na magari ya wagonjwa yasingepita. Usiku ule Mercedes-Benz iliyaondoa magari yake yaliyobaki, ingawa moja lilikuwa likiongoza. Hawthorn na mwenzake Ivor Bueb walitangazwa washindi, kwa wastani wa kilomita 172 kwa saa.

Takwimu hiyo ndiyo inayoeleza chanzo cha maafa kuliko maneno mengi. Kutoka mwaka 1923 hadi 1955 mwendo wa wastani ulikuwa umekaribia kuongezeka maradufu, ilhali mtazamaji bado alisimama karibu na barabara kama alivyosimama baba yake. Kwa miaka mingi watu walibishana kama kosa lilikuwa la Hawthorn, la Macklin au la Levegh. Uchunguzi rasmi haukumtwisha dereva yeyote lawama. Ulibaini kwamba eneo lile halikujengwa kwa ajili ya magari yenye mwendo kama huo.

Marekebisho yaliyofuata

Ufaransa ilisimamisha mashindano ya magari kwa muda, na Uswisi iliyapiga marufuku mashindano ya kuzunguka njia kwa miongo kadhaa. Le Mans yenyewe ilifumuliwa. Majengo ya maeneo ya huduma yalibomolewa na kujengwa upya kwa kurudishwa nyuma. Barabara mbele yake ilipanuliwa, mpindo ukanyooshwa, na watazamaji wakasogezwa mbali na njia. Kwa kuwa maofisa wa timu waliokuwa wakionesha mbao za ishara walisababisha msongamano mbele ya majukwaa, kazi hiyo ilihamishiwa karibu na Mulsanne, mahali ambapo magari hutoka konani kwa mwendo mdogo. Mashindano ya mwaka 1956 yalisogezwa hadi mwisho wa Julai ili kazi ikamilike.

Kazi haikuishia hapo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 kingo za chuma zilianza kuwekwa kandokando ya njia, mahali ambapo awali palikuwa na miti na mitaro tu. Mwaka 1972 zilijengwa kona za Porsche, ili magari yasipite tena kwa kasi kubwa katika sehemu nyembamba ya Maison Blanche, iliyokuwa na nyumba karibu kabisa na barabara na iliyokwisha kuona ajali nyingi.

Mkanda wa Jacky Ickx

Kwa miongo mingi mbio za Le Mans zilianza kwa namna ya pekee. Magari yalipangwa upande mmoja wa barabara, madereva wakasimama upande wa pili. Bendera iliposhushwa, walikimbia kwa miguu, wakaruka ndani ya magari na kuondoka. Watazamaji waliipenda sana desturi hiyo. Mikanda ya usalama ilipoanza kutumika, tatizo likajitokeza: dereva aliyetaka kuwahi hakuwa na muda wa kujifunga. Wengine waliondoka bila mkanda, au wakajaribu kuufunga huku wakiendesha.

Mwaka 1969 kijana wa Kibelgiji, Jacky Ickx, aliamua kupinga desturi hiyo hadharani. Wenzake walipokimbia, yeye alitembea taratibu, akaingia katika gari lake la Ford GT40, akafunga mkanda sawasawa, ndipo akaondoka, akiwa wa mwisho. Katika mzunguko wa kwanza kabisa, Mwingereza John Woolfe, ambaye hakuwa amefunga mkanda, alipata ajali karibu na Maison Blanche na kufariki dunia. Baada ya saa 24, Ickx na mwenzake Jackie Oliver walishinda kwa tofauti ya mita 120 hivi dhidi ya gari la Porsche lililowafuata. Muda aliotumia kufunga mkanda haukumnyima ushindi.

Siku moja baada ya mbio, Ickx alikuwa akirudi Paris kwa gari la kawaida katika barabara ya kawaida. Karibu na mji wa Chartres gari jingine liliingia mbele yake, naye akagonga nguzo. Alifungua mkanda, akatoka akiwa mzima. Mwaka uliofuata madereva wa Le Mans walianza mbio wakiwa wamekwisha kukaa na kufunga mikanda, na tangu mwaka 1971 magari huanza yakiwa katika mwendo, nyuma ya gari la kuongoza. Desturi iliyopendwa na maelfu iliachwa kwa sababu ilikuwa ikiua.

Kipilefti cha Mulsanne na kona mbili mpya

Mwaka 1986 kipilefti kipya kilijengwa pale Mulsanne kwa ajili ya magari ya kila siku. Kona ya mbio iliyokuwa hapo kwa zaidi ya miaka 60 haikuweza kutumika tena kama ilivyokuwa, na ikabidi kitengenezwe kipande kidogo cha barabara ili magari ya mashindano yakikwepe kipilefti hicho. Mashindano mashuhuri namna ile yalipisha mahitaji ya watu wanaokwenda sokoni na kazini. Mfano huo unaonesha wazi barabara ile ni ya nani kwanza.

Wakati huohuo mwendo katika sehemu ya Hunaudières ulikuwa umepita kiasi. Mwaka 1988 gari la WM lenye injini ya Peugeot, likiendeshwa na Roger Dorchy, lilipimwa likiwa na kilomita 405 kwa saa katika barabara hiyo iliyonyooka. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo liliamua kwamba njia ya mbio isiwe na sehemu iliyonyooka kwa zaidi ya kilomita mbili. Kwa hiyo, kabla ya mashindano ya mwaka 1990, ziliongezwa kona mbili za kupunguza mwendo, zikaigawa Hunaudières katika vipande vitatu. Baadhi ya wapenzi wa mbio walilalamika kwamba njia imeharibiwa. Kona hizo zipo hadi leo, na zinafanya kazi ileile ifanywayo na tuta mbele ya shule: zinamlazimisha dereva kupunguza mwendo hata kama hakutaka.

Marekebisho hayo hayakuua mashindano. Mwaka 1971 Helmut Marko na Gijs van Lennep waliweka rekodi ya kusafiri kilomita 5,335 kwa saa 24. Rekodi hiyo ilivunjwa mwaka 2010, na gari la Audi lililokimbia katika njia yenye kona hizo za kupunguza mwendo, likafikisha kilomita 5,410. Mdenmarki Tom Kristensen ameshinda mara tisa, idadi ambayo hakuna dereva mwingine aliyeifikia. Mwaka 1991 Mazda ilikuwa kampuni ya kwanza ya Kijapani kushinda, mwaka 2006 lilishinda kwa mara ya kwanza gari la dizeli, na mwaka 2012 likashinda gari lenye injini inayosaidiwa na mota ya umeme. Yalipotimia miaka 100, mwaka 2023, watazamaji zaidi ya 300,000 walihudhuria, na Ferrari ikashinda.

Hata hivyo, hatari haijaisha. Mwaka 2013 Mdenmarki Allan Simonsen alifariki dunia baada ya gari lake kugonga kizuizi katika kona ya Tertre Rouge, mahali penye miti nyuma ya kingo. Baada ya msiba huo ulinzi wa sehemu hiyo uliimarishwa. Tangu mwaka 2014 waandaaji pia hutumia utaratibu wa maeneo ya mwendo mdogo: ajali ikitokea katika kipande fulani, magari yote hulazimika kupunguza mwendo yakipita hapo, ili waokoaji wafanye kazi yao kwa usalama. Kazi ya kupeperusha bendera, kuondoa mabaki na kuwahudumia majeruhi hufanywa kwa sehemu kubwa na watu wanaojitolea.

Historia hii inamhusu vipi mkazi wa kata

Wilaya haina njia ya mbio kama ya Le Mans, lakini ina barabara, makutano, shule na masoko. Kila hatua iliyoelezwa hapo juu ilianza kwa swali moja: mahali hapa pana nini kinachofanya ajali irudie? Dereva mzembe huadhibiwa kwa mujibu wa sheria, na ni haki aadhibiwe. Lakini ajali zikitokea mara tatu katika kona moja, huku madereva wakiwa watatu tofauti, kona hiyo inahitaji kuchunguzwa.

Kwa sababu hiyo wakazi wanahimizwa kufanya yafuatayo.

Kwanza, mahali penye ajali za mara kwa mara paripotiwe hata kama hakuna aliyefariki. Taarifa ipelekwe kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, au kwa mtendaji wa kata, ikitaja mahali, saa na namna ajali zilivyotokea. Barabara kuu na za mikoa husimamiwa na TANROADS, na barabara za vijijini na mijini zipo chini ya TARURA. Mwananchi halazimiki kujua ipi ni ya nani. Ofisi ya kata itaifikisha taarifa panapohusika. Taarifa yenye maelezo kamili huwasaidia wahandisi kupanga kama panahitajika tuta, alama, kivuko au kingo.

Pili, hifadhi ya barabara iheshimiwe. Meza ya biashara iliyopangwa ukingoni mwa lami humweka mfanyabiashara na mteja wake mahali waliposimama watazamaji wa mwaka 1955. Tofauti ni kwamba wale walikuwa angalau na tuta la udongo mbele yao.

Tatu, alama za barabarani na kingo za chuma zisiharibiwe wala kuuzwa kama chuma chakavu. Anayeng'oa alama ya kona kali anamwondolea dereva mgeni onyo pekee alilowekewa.

Nne, kila aliye ndani ya gari afunge mkanda, na kila aliye juu ya pikipiki avae kofia ngumu, abiria akiwamo, hata kama safari ni ya dakika tano. Ndani ya makazi mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa.

Tano, ajali inapotokea, wananchi wasijazane barabarani. Waandaaji wa Le Mans waliogopa kwamba umati ungeziba njia ya magari ya wagonjwa. Jambo hilo hutokea pia katika barabara za wilaya, ambapo mamia ya watu hukusanyika, wengine wakipiga picha, na wengine wakichota mafuta kutoka katika gari lililopinduka, kitendo ambacho kinaweza kugeuza ajali ya mtu mmoja kuwa msiba wa kijiji kizima. Watu wachache wasaidie majeruhi, wengine wayaonye magari yanayokuja kutoka pande zote mbili, na mmoja apige simu ya dharura, namba 112.

Sita, vijana wanaoshindana kwa pikipiki katika barabara za wazi, hasa nyakati za jioni na siku za sikukuu, waelimishwe na waache. Pale Le Mans magari hushindana katika barabara ya umma baada ya barabara hiyo kufungwa, vizuizi kuwekwa, wasimamizi kupangwa na huduma za matibabu kuwa tayari, na hata hivyo watu wamekufa. Barabara ambayo haijafungwa ina mama anayetoka kisimani, mtoto anayefuata mpira, na ng'ombe wanaorudi zizini.

Mikutano mikuu ya vijiji na mitaa ni mahali pazuri pa kuorodhesha maeneo hatarishi ya kila eneo. Wenyeviti wanaombwa kulipa suala hilo nafasi katika ajenda ya mkutano ujao na kuwasilisha orodha hizo kwa watendaji wa kata.